Makaburi ya Voi na Somo la Ubaguzi: Hoja ya Kufundisha Historia Bila Kuficha

Mafunzo ya kupinga ubaguzi wa rangi aghalabu huanza na maadili: watu wote ni sawa, basi tuheshimiane. Hakuna anayekataa, na ndiyo maana mafundisho hayo hayamsumbui mtu. Makala haya yanashikilia kwamba mwanaharakati hupikwa na ushahidi kabla ya kaulimbiu. Sharti ajue ubaguzi ulivyoendeshwa: nani aliamua, kwa waraka upi, na nani alinyimwa nini. Ushahidi huo umejaa katika kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya.

Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau, ili kuwakabili Wajerumani waliokuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Reli haikufika kila mahali. Kwingineko mzigo ulikaa kichwani mwa Mwafrika. Sheria ya mwaka huohuo iliwapa watawala uwezo wa kukusanya wabebaji kwa lazima. Vifo vyao katika vita vya Afrika Mashariki hukadiriwa kufikia karibu 95,000, wengi zaidi wakiuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na lishe duni kuliko na risasi.

Katika makaburi ya kijeshi ya Voi, askari wa Kizungu, wengi wao kutoka Afrika Kusini, wana mawe yaliyopangwa safu kwa safu, kila moja na jina lake. Waafrika waliofia eneo hilohilo waliachwa nje, vichakani, bila jiwe wala jina. Filamu ya mbunge wa Uingereza David Lammy ya mwaka 2019 iliuonyesha ulimwengu tofauti hiyo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoasisiwa mwaka 1917 na kujinadi kwa kanuni ya usawa wa wafu, ililazimika kujichunguza. Ripoti yake ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Uzito wa ripoti hiyo kwa mwalimu ni kwamba inaonyesha kalamu ikifanya kazi. Maofisa waliandikiana barua wakidai kwamba Mwafrika hangeelewa maana ya jiwe la kaburi, na fedha zikagawanywa kwa dhana hiyo. Mwanafunzi anayeyajua haya haoni tena ubaguzi kama tabia mbaya ya mtu mmoja. Anauona katika bajeti, katika rejista, katika ramani.

Mlima Salaita, karibu na Taveta, unaongeza funzo. Tarehe 12 Februari 1916 kikosi cha Wazungu wa Afrika Kusini, kilichowadharau askari weusi na kuwaita Wahindi makuli, kilitimuliwa na jeshi la Wajerumani ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Waliowakinga wasiangamie walikuwa Wabaluchi wa jeshi la India. Hata hivyo, Mjerumani asifanywe shujaa: miaka michache tu kabla alikuwa ameuzima uasi wa Maji Maji kwa moto na njaa.

Wapo wanaohofia kwamba historia ya namna hii itawapandikiza watoto chuki. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama tungesimulia nusu. Historia ya kweli haimbagui mkosaji: inawataja pia machifu waliowatoa vijana wa jirani ili kuwanusuru wa kwao, na misafara ya watumwa iliyopita nyika hizi kabla ya reli. Inawakumbuka Wakasigau, waliotuhumiwa na Waingereza mwaka 1915 kuwasaidia Wajerumani, wakahamishiwa Malindi kwa nguvu, na wengi wakafia huko. Chuki hulishwa zaidi na ukimya, kwa kuwa mwenye jeraha lisilotajwa hujitungia adui.

Ukimya huo una faida kwa wengine. Jumba la mlowezi Mwingereza Ewart Grogan karibu na Taveta huuzwa kwa watalii kama kasri la mtu wa ajabu. Mtalii apewe pia habari za Machi 1907, Grogan alipowachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Aelezwe vilevile jinsi mtu wa aina hiyo alivyomiliki ardhi kubwa Taveta, mahali ambapo umaskwota ungali kilio.

Kwa hiyo walimu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta wasisubiri mtaala mpya. Wawapeleke wanafunzi makaburini wakiwa na ripoti ya 2021 mkononi, wawatume kwa wazee kukusanya majina ya waliochukuliwa na hawakurudi, kisha orodha hizo zihifadhiwe shuleni na kwenye kaunti. Asiyefundishwa kuuliza kwa nini jina la babu yake halimo hatauliza kesho jina lake mwenyewe litakapoachwa.