Mwamuzi Ni Umati

Mashindano ya ngoma ya Wasukuma hayana jopo la majaji. Vikundi viwili vinaingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na vyote vinaanza kuimba. Mtazamaji yuko huru. Akisikia vigelegele upande wa pili, anahama. Wakihama wengi, kikundi kilichoachwa kimeshindwa, hata kama wachezaji wake ndio hodari zaidi.

Simulizi zinawataja Ngika na Gumha, waganga na wacheza ngoma wa karne ya 19, kuwa waanzilishi wa pande mbili kubwa za mashindano hayo: Bagika na Bagalu. Walishindana kwa sauti na miguu, na pia kwa dawa ya kuvuta watu. Kila manju, yaani kiongozi wa waimbaji, alitaka kujua siri ya kulifanya kundi la watu ligeuze shingo. Padri David Clement, aliyejenga makumbusho ya Bujora karibu na Kisesa, aliyakaribisha mashindano hayo katika sikukuu ya Bulabo, na hadi leo Bagika na Bagalu wanakutana pale mwezi Juni.

Nalikumbuka hili kila ninaposikia vijana wa Lagangabilili wanaotengeneza video za nyimbo za Kisukuma wakilalamika kwamba YouTube imewaficha. Video ya mwezi uliopita ilitazamwa sana, ya mwezi huu haionekani, na hakuna aliyewaambia kosa lao. Tumezoea kuliita jambo hili geni, la zama za kompyuta. Kwangu, lina ugeni nusu tu. Waimbaji wa Usukuma wameishi chini ya hukumu ya idadi kwa zaidi ya miaka 100. Tofauti ni kwamba manju aliwaona waliomhukumu. Aliona vumbi la miguu yao wakiondoka, na aliweza kubadili wimbo palepale.

Kuna jambo la pili ambalo manju alilijua, na hilo ndilo linalonigusa zaidi. Umati ulimpa ushindi, lakini haukumpa chakula. Riziki ilitoka kwingine. Vikundi vya kulima kwa ngoma, kama Bagobogobo, vilialikwa kwenye shamba la mtu, vikalima vikiimba, na mwenye shamba akawalipa. Uwanjani, mtu aliyeguswa na wimbo alitoka mbele na kumtunza mwimbaji mkononi. Pamba ikishauzwa, nyumba zina fedha na watu wana nafasi, msimu wa ngoma unachangamka. Idadi ilimjengea manju jina. Jina likamletea watu wachache waliomfahamu na waliokuwa tayari kutoa.

Kurekodi kulivuruga mpangilio huo. Redio ilibeba sauti mbali kuliko miguu ya kikundi chochote, kisha zikaja kaseti, diski za video, na baadaye vibanda vya kujaza nyimbo kwenye memori kadi. Mwenye kibanda alilipwa, mteja akaondoka na nyimbo 100 mfukoni, na mwimbaji hakujua hata kama ameimbiwa njiani. Umati ulikuwa mkubwa kuliko wakati wowote, lakini ule mkono unaotunza ulikuwa umekatika.

Mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulizaliwa, Wilaya ya Itilima ikakatwa kutoka Bariadi, na Lagangabilili ikawa makao makuu yake. Mwaka huohuo, YouTube ilibadilisha namna ya kupendekeza video: badala ya kutazama tu zimefunguliwa mara ngapi, ikaanza kupima watu wamekaa nazo muda gani. Hakuna aliyeliona hilo kuwa habari ya Itilima. Lakini kwa wimbo mrefu, unaoanza taratibu kwa salamu na majina ya ukoo kabla ngoma haijachanganya, kanuni hiyo ina maana kubwa. Anayesubiri ngoma ichanganye anakuongezea dakika, na aliyezoea nyimbo fupi anaondoka kabla hujamaliza salamu.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2018, kutoka pande mbili. Januari, YouTube ilitangaza kwamba chaneli haitalipwa fedha za matangazo mpaka ifikishe wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtazamaji anakaa dakika tano, unahitaji kutazamwa mara 48,000 ndipo uanze kuhesabiwa. Machi, serikali ya Tanzania ikatoa kanuni za maudhui ya mtandaoni: shilingi 100,000 za maombi na shilingi 1,000,000 za leseni. Kanuni hizo zilirekebishwa baadaye, lakini somo lilibaki. Kijana mwenye kamera moja alikuwa na milango miwili mbele yake. Wa kwanza ulimtaka awe mkubwa kabla ya kulipwa, na wa pili ulimtaka alipe kabla hajawa mkubwa.

Marekani, mwanamuziki Jack Conte alikuwa ameshachoka kuona video zake zikitazamwa sana na kulipa kidogo. Mwaka 2013, yeye na Sam Yam walianzisha Patreon, ambako mashabiki humchangia msanii moja kwa moja. Dunia iliupokea mpango huo kama uvumbuzi. Usukumani, mkono uliokatika uliungwa kwa njia rahisi zaidi. M-Pesa ilikuwa nchini tangu mwaka 2008. Namba ya simu ya mwimbaji ikaandikwa kwenye video yenyewe. Familia yenye harusi inapiga, inaagiza wimbo, inataja majina ya bwana harusi, wazazi na wajomba, inatuma fedha. Wimbo unarekodiwa na kupandishwa mtandaoni ukiwa na jina la aliyelipa. YouTube ikiuficha, mwimbaji ameshakula. Mtandao kwake ni uwanja wa kutangaza jina. Shamba la kulipwa liko upande wa pili wa simu.

Naupenda mpango huu, na unanitia wasiwasi. Anayelipa peke yake huagiza sifa. Sikiliza nyimbo nyingi za sasa, utajua nani kaoa, nani kajenga, mganga gani anatibu. Manju wa zamani alisifu pia, lakini aliweza kumkejeli mtemi, kumcheka tajiri mchoyo, kuimba njaa na ushuru, kwa sababu nyuma yake ulikuwepo upande mzima wa Bagika au Bagalu uliotaka kusikia hayo. Ni nani leo atakayeagiza wimbo kuhusu bei ya pamba? Mkulima mwenye ekari mbili hawezi kulipia wimbo mzima. Wakulima 200 wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja, wanapata 200,000, fedha za kuanzia mazungumzo na mwimbaji.

Hapo ndipo naona kazi iliyobaki. Namba ya simu iliyo kwenye video inapokea shilingi 1,000 kama inavyopokea laki. Kinachokosekana ni mazoea ya wengi kutoa kidogo kwa wimbo usiotaja jina la yeyote kati yao. Wazee wetu walikuwa nayo: walitoka kwenye umati, wakatunza, wakarudi kusimama na wenzao. Mpaka sisi watazamaji tuyarudishe, waimbaji wetu watakuwa huru dhidi ya YouTube na watumwa wa wenye harusi.