Piano Iliyogawanywa Magitaa

Piano haina maisha marefu kwenye delta ya Rufiji. Maji chumvi hupanda na kushuka kati ya mikoko, na hewa yake hutia kutu nyuzi na kuvimbisha mbao. Isitoshe, kutoka Nyamisati kwenda Mbwera unasafiri kwa chombo cha majini. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi watu wa pwani hii walivyojifunza kubuni muziki papo hapo juu ya kodi, yaani sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, asihangaike kuitafuta piano yenyewe. Aitafute kazi yake. Hiyo ilifika mapema, na ilifika kupitia gitaa.

Safari ilianzia mashariki ya Cuba. Wapigaji wa son, muziki wa dansi wa huko, walikuwa na tres, gitaa lenye jozi tatu za nyuzi, ambalo lilirudia kifungu kifupi kikizunguka kodi mbili tatu bila kuchoka. Karibu na mwaka 1940 Arsenio Rodríguez, mpiga tres kipofu, aliingiza piano kwenye kundi lake, na mtindo ule wa nyuzi ukahamia kwenye vitufe. Kufikia wakati huo santuri za GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933 kwa ajili ya soko la Afrika, zilikuwa zimeshawazoesha watu muziki wa Cuba. Léopoldville na Brazzaville vijana wakakaa na santuri hizo, wakasikiliza piano na tres, kisha wakavipiga vyote viwili kwenye gitaa. Kilichotoka kwenye nyuzi kikarudi kwenye nyuzi.

Tanganyika haikusubiri Kongo ili ianze. Bendi ya Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, na huko Morogoro Salum Abdallah aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba, asifiche mapenzi yake yalikuwa wapi. Redio ya Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, muziki ukapata njia isiyohitaji barabara. Hilo lilikuwa jambo kubwa kusini, kwani barabara ya Kilwa ilipita Kibiti, ikashuka hadi mtoni Ndundu, na hapo msafiri akasubiri kivuko. Daraja la Mkapa halikufunguliwa hadi mwaka 2003. Hata hivyo watu walivuka. Mwaka 1958 Ahmed Kipande alianzisha Kilwa Jazz, iliyofanya kazi Dar es Salaam huku ikibeba jina la kusini.

Sasa tutazame ndani ya bendi, maana ndiko elimu yenyewe ilikokaa. Mpiga piano ana mikono miwili: wa kushoto unashika besi na kodi, wa kulia unatembea na sauti ya juu. Bendi ya dansi iliigawa kazi ya mikono hiyo kwa watu kadhaa. Besi ilitaja mzizi wa kodi. Gitaa la ridhimu lilijaza kodi yenyewe. Gitaa la pili lilishika kifungu kimoja na kukirudia, kama piano ya Cuba ilivyofanya, na gitaa la solo likaachwa huru. Lakini huru kwa kiasi tu. Chukua mzunguko wa kodi tatu uliobeba nyimbo nyingi za dansi: do-mi-sol, kisha fa-la-do, kisha sol-ti-re. Do imo kwenye kodi ya kwanza na ya pili. Sol imo kwenye ya kwanza na ya tatu. Mpiga solo aliyezijua sauti hizo za pamoja aliweza kukaa juu ya moja wakati kodi inabadilika chini yake, na msikilizaji asione mshono. Mwenye papara alikimbiza vidole, akaangukia fa wakati wenzake wako kwenye do-mi-sol, na kila mtu ukumbini akasikia kuna kitu kimekwaruza.

Wengi walijifunza kwa sikio, si kwa karatasi, na nadhani hilo liliwafaa: aliyeanza kwenye ridhimu alipiga kodi zile zile usiku baada ya usiku, kwa hiyo alipopewa solo mzunguko ulikuwa umeshamwingia mwilini. Mahali pa kubuni palijulikana. Wimbo ulianza taratibu, na maneno, halafu ukaingia chemko: mwendo ukapanda na magitaa yakachukua nafasi. Bendi ya Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilisuka magitaa yake kwa ufundi mkubwa. Mtindo wake, Sikinde, uliitwa kwa jina la ngoma ya Wazaramo, majirani wa Warufiji na Wandengereko upande wa kaskazini.

Vitufe vilikuja baadaye, vikiwa vya umeme. Taarabu ya kisasa ilivikumbatia miaka ya 1990, ambapo kinanda kimoja kiliweza kuchukua nafasi ya vyombo kadhaa. Mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam ilikuwa na jibu lake: mchiriku, ambapo Casio ndogo hupitishwa kwenye spika za tarumbeta, ngoma zikiwa nyuma yake. Hapo kodi zilipungua. Kinanda cha mchiriku hukimbia hasa na kifungu cha mkono wa kulia, kikikirudia na kukipindua, na kazi ya mkono wa kushoto imechukuliwa na ngoma.