Upambanuzi: Jina la Kiswahili la Rezolusheni

Msafiri atokaye Morogoro kwa njia ya Matombo na Mvuha, akiisha kuiacha milima ya Uluguru nyuma ya kisogo chake na joto la bondeni likianza kumkaribisha, hufika Kisaki, mji mdogo wa reli ya TAZARA ulio jirani na mbuga ambazo tangu mwaka 2019 zimeitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ambako usiku ukiingia huwa ni giza la haki. Huko, mwenye duka mmoja, mzee ambaye vijana wote humwita Mjomba, na jina hilo si dogo miongoni mwa Waluguru wahesabuo ukoo kwa upande wa mama, alituonyesha, mimi na fundi wake, taswira iliyonaswa na kamera yake usiku ule alioibiwa mafuta ya kupikia na sukari. Tuliona mlango, tukaona ukuta, na kati yake tukaona kitu cheupe chenye kichwa na miguu, kikipita mfano wa moshi.

"Fundi," akasema yule mzee, "hii yaniambia kwamba mtu alikuja. Mtu gani, hainiambii."

"Rezolusheni yake ndogo, Mjomba. Itabidi tununue nyingine."

Mzee akanyamaza, kwani neno lenyewe halikumpa njia ya kuuliza. Nami nikawaza kwamba ila ya kwanza ya kamera ile labda ilikuwa katika lugha kabla ya kuwa katika kioo chake.

Watu wamejaribu kulipatia neno hili jina la Kiswahili, na si wote waliofaulu. Nimepata kusoma, katika karatasi ya maelekezo iliyofungwa pamoja na kamera, kwamba chombo hicho kina "azimio la juu". Na mimi, niliyezoea kwamba azimio ni jambo lipitishwalo na mkutano, kama lile la Arusha la mwaka 1967, nilijiuliza kamera imekutana na nani hata ikaazimia. (Mwaka huohuo wa 1967 ndipo lilipoundwa kwa sheria Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo kazi yake mojawapo ni kutuepusha na aibu za namna hii.) Wengine husema mwonekano, neno zuri, ila ni sifa ya kile kinachoonekana, si uwezo wa kile kinachoona: hata mtumba una mwonekano. Wengine husema ung'avu, nao hutupoteza zaidi, maana picha yaweza kuwa nyeupe na yenye kung'aa kama mchana wa jangwani na bado usimjue aliye ndani yake, kama tulivyoona kwa Mjomba.

Neno nilipendelealo ni upambanuzi. Kupambana ni vitu kukutana na kushikana. Na lugha yetu, ambayo kwa kiishio kidogo cha -ua humgeuza aliyefunga akawa amefungua na aliyekunja akawa amekunjua, imetuachia kupambanua, yaani kuvitenga vilivyoshikamana hata kila kimoja kikabaini kwa nafsi yake. Ajabu ni kwamba neno la Kizungu nalo, ukilifuata hadi Kilatini, hutokana na kulegeza kilichofungwa. Mababu wawili wasiojuana walipita njia moja.

Na maana hiyo ndiyo maana ya kitaalamu khasa. Mwaka 1879 Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, aliweka kanuni ya kuhukumu ni lini mianga miwili iliyokaribiana itahesabiwa kuwa miwili mbele ya chombo, na ni lini itakuwa imechanganyika ikawa mmoja. Mtu wa Kisaki hahitaji darubini kulielewa hili. Atoke nje usiku usio na mwezi akitazame Kilimia. Mwenye macho makali atahesabu nyota sita au saba, na mwenye macho dhaifu ataona kiwingu cha nuru. Nyota hazikupungua, kilichopungua ni upambanuzi wa jicho.

Basi nikamwambia fundi tuache kuuliza kamera ina rezolusheni ngapi, tuulize nini kinaizuia isipambanue. Sanduku lake lilitaja 1080, yaani safu za pikseli 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600, nayo si haba. Lakini mashine ya kunasia ilikuwa imepangwa, ili diski isijae upesi, ihifadhi 352 kwa 288 tu, ambazo ni 101,376, hazifiki hata sehemu moja ya ishirini ya zile zilizonunuliwa. Zilizobaki zilitupwa kila sekunde, usiku na mchana, bila mtu kujua. (Asiyepatwa na hili hupatwa na ndugu yake: huitazama picha kwenye simu, ambayo aghalabu huletewa taswira ndogo ili kuokoa bando, kisha huilaumu kamera.)

Tukaleta ngazi. Juu, mbele ya kioo, buibui alikuwa amefuma. Kamera hizi zina taa za mwanga usioonekana kwa jicho la mtu, zilizopangwa kukizunguka kioo. Mchana utando wa buibui hauonekani, lakini usiku humulikwa kwa karibu mno ukawa ukungu mweupe, na kamera, ikidhani pana nuru tele, hupunguza kuona kwake, hata aliye mbali akazama gizani. Ule "moshi" wa Mjomba nusu yake ulikuwa utando, na nusu ya pili ilikuwa mwendo, kwani katika giza kamera hukawia kukusanya nuru, na apitaye mbio hujipaka katika taswira. Fundi alipima na umeme pia, kwa kuwa waya mrefu na mwembamba huweza kuipunguzia kamera nguvu usiku hasa, wakati zile taa zinapowaka. Hapo hatukuona kasoro.

Ikabaki umbali, na hapo ndipo neno lilipofanya kazi yake. Kipimo cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilitaka pikseli 25 kwa kila mita ya upana wa mandhari ili kugundua kuwa pana mtu, 125 ili kumtambua umjuaye, na 250 ili kumthibitisha usiyemjua pasipo shaka. Pikseli 1920, zikihifadhiwa zote, ukizigawa kwa 250 hupata mita saba na ushei za upana, na kwa kioo kipana kama kile, upana huo hutimia umbali wa mita tatu tu. Kamera ya Mjomba ilikuwa imetundikwa pembeni kabisa mwa paa, ikitazama ua mzima.

Tulipokwisha kuishusha na kuielekeza mlangoni, yule mzee aliitazama skrini kitambo, kisha akauliza, "Sasa hii yapambanua mpaka wapi?"

Fundi hakujibu kwa mdomo. Alisimama chini ya kamera, akapiga hatua tatu ndefu kuelekea uani, akachora mstari mavumbini kwa kisigino.