Redio Zilizofungwa, Simu Zilizobaki: Historia ya Uvumi katika Chaguzi za Burundi

Mtu atokaye Rumonge na kushuka kusini kwa barabara ya ziwani, akaipita michikichi na mitumbwi ya wavuvi wa ndagala, akaupita na mji wa Nyanza-Lac, hufika mwishowe Kabonga, mpakani mwa Burundi na Tanzania. Na ni katika pwani hiyo, mwezi wa Mei 2015, ilipodhihiri hali ya raia ambao, msimu wa uchaguzi umewadia, wamenyang'anywa habari walizokuwa wakiziamini na kuachiwa zile wasizoweza kuzithibitisha. Maelfu kwa maelfu waliuvuka mpaka kwa miguu na kwa mitumbwi hadi Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya mlima na maji. Katikati ya mwezi ule wakimbizi waliorundikana pale walikadiriwa kufika 50,000, kipindupindu kikazuka, na meli kongwe Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawachukua kiasi cha watu 600 kwa safari moja kuwapeleka Kigoma.

Hofu yao haikuwa ya kuzua. Tangu tarehe 25 Aprili, chama tawala cha CNDD-FDD kilipomteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea kwa mara ya tatu, maandamano yaliijaza mitaa ya Bujumbura na yakajibiwa kwa risasi, na huko mashambani vijana wa chama, Imbonerakure, walishutumiwa kuwatishia wasiokuwa wenzao. Walakini baina ya hofu yenye sababu na hofu isiyokuwa na kikomo pana masafa, na hakuna kiyapimacho masafa hayo ila habari za kuaminika. Mkazi wa pwani aliyeambiwa kwamba tarafa yake itavamiwa usiku alitaka kujua jambo moja tu, kwamba ni kweli au ni uongo. Miezi michache kabla ya hapo angalifungua redio.

Redio hizo, yaani RPA, Isanganiro na Bonesha FM, zilikuwa zimejijengea itibari kwa miaka mingi, na wakulima na wavuvi wasiojua Kifaransa walizitegemea. Mwishoni mwa Aprili RPA ikafungwa, Isanganiro na Bonesha zikakatiwa njia ya kusikika nje ya Bujumbura, na siku hizo hizo WhatsApp na Viber zikazibwa kwenye simu. Tarehe 13 Mei, ilhali rais yuko Dar es Salaam mkutanoni, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza redioni kwamba ameipindua serikali. Na jaribio hilo liliposhindwa, vituo vya RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance vikashambuliwa na kuharibiwa, kama vile Rema FM, iliyoelemea upande wa watawala, ilivyokuwa imeshambuliwa na wapinzani wao. Rai yangu ni kwamba, kwa saa chache hizo, Burundi ilipoteza kitu ambacho hakuna simu iliyoweza kukirudisha: watu wanaojulikana kwa majina, wanaoulizwa wakikosea, na wanaoona haya wakisema uongo.

Nafasi yao ikashikwa na simu. Vijana walijifunza upesi kutumia programu za VPN ili kuukwepa mzibo. Waandishi waliobaki nchini wakaanzisha SOS Médias Burundi, wakitoa habari kwa Facebook, Twitter na rekodi za sauti. Na wenzao waliokimbilia Rwanda wakatengeneza vipindi vya Inzamba na Humura, vilivyosafiri kwa WhatsApp mpaka nyumbani. Hao walistahili shukrani na wanastahili bado. Lakini njia ile ile waliyopitia wakweli ilipitiwa na wazushi pia, na msikilizaji hakuwa na alama ya kuwatenganisha.

Ujumbe wa uzushi una tabia zake. Aghalabu ni sauti ya dakika moja au mbili, ya mtu asiyejitaja, asemaye kwa haraka na kwa kunong'ona, akidai kwamba ameambiwa na askari anayemjua. Hautaji tarehe, na kwa hiyo hata ukikaa mwezi mzima haupitwi na wakati. Muuza samaki aliyebakiwa na megabaiti chache huupokea kutoka kwa shemeji yake, akawapelekea wenziwe wa kanisani au wa msikitini, nao wakausadiki, si kwa sababu wanamjua aliyeusema, bali kwa sababu wanamjua aliyewapelekea. Na si wanyonge tu waliohadaika: Januari 2016 televisheni ya France 3 ya Ufaransa ilionyesha mkanda wa ukatili uliosemekana kuwa ni wa Burundi, kumbe ulikuwa wa nchi nyingine. Serikali, iliyokuwa ikikanusha maovu mengi ya kweli, ikapata hoja ya kuyaita yote uzushi.

Asidhani msomaji kwamba hila hizi zimezaliwa na intaneti. Mwaka 1960, Ubelgiji ilipoona kwamba Mwanamfalme Louis Rwagasore na chama chake cha UPRONA, kilichokuwa na wafuasi wengi miongoni mwa Waswahili wa mtaa wa Buyenzi mjini Usumbura (Bujumbura ya leo), kinaelekea kushinda, alivumishiwa kuwa ni mkomunisti, na wakati wa uchaguzi wa tarafa akazuiliwa asitoke, wapinzani wake wa PDC wakashinda. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi wa Septemba 1961 uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, UPRONA ikapata viti 58 kati ya 64. Na tarehe 13 Oktoba Rwagasore akauawa kwa risasi huko Usumbura. Uzushi ule ulikuwa na mwenyewe, na watu, madhali walimjua mwenyewe, walijua kuupunguzia thamani. Wa leo hauna wa kushtakiwa.

Waliokuja kushtakiwa ni wengine. Oktoba 2019 waandishi wanne wa gazeti la Iwacu walikwenda Bubanza kuandika habari za mapigano baina ya jeshi na waasi waliotoka Kongo. Njiani mmoja wao alimwandikia mwenziwe kwa WhatsApp maneno ya mzaha kwamba wanakwenda kuwasaidia waasi. Mzaha huo ukawa ushahidi. Januari 2020, miezi minne kabla ya uchaguzi, wote wanne walihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu, wakakaa gerezani mpaka waliposamehewa na rais mwezi wa Desemba. Nchi iliyojaa ujumbe wa uongo usiokuwa na mwenyewe iliwafunga watu wanne ambao majina yao huchapwa chini ya kila wanachokiandika. Na mimi sijui dhuluma iliyo wazi kuliko hiyo.

Majirani wameonja ya kwao. Kenya ilipata habari Machi 2018, kwa mkanda uliorekodiwa kwa siri na televisheni ya Channel 4 ya Uingereza, kwamba wakubwa wa kampuni ya Cambridge Analytica walikuwa wakijisifu kuziendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017. Nchini Uganda, siku tatu kabla ya uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, Facebook iliziondoa akaunti zilizohusishwa na Wizara ya Habari na Mawasiliano, ikisema zilijifanya za raia wengi ili kumkuza rais aliyekuwa madarakani. Serikali ikalipiza kwa kuufunga mtandao huo, kisha ikazima intaneti nzima.

Nchini Burundi njia iliyochaguliwa ilikuwa nyepesi zaidi. Asubuhi ya tarehe 20 Mei 2020, watu walipokuwa wakipanga foleni kumchagua mrithi wa Nkurunziza, WhatsApp, Facebook na Twitter zilizibwa. Waangalizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuwapo, kwa kuwa walitakiwa wakae karantini siku 14. Kura huhesabiwa vituoni, na hapo ndipo wakala wa chama, akiwa na simu, awezapo kuipiga picha karatasi ya matokeo na kuipeleka makao makuu kabla haijapita mikononi mwa wengine. Ukiiziba njia hiyo kwa siku moja tu, hesabu ya kituo hubaki kituoni. Évariste Ndayishimiye wa CNDD-FDD akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 69, mpinzani wake Agathon Rwasa akapewa 24, akalalamika kwamba ameibiwa, na tarehe 4 Juni Mahakama ya Katiba ikayatupa malalamiko yake. Pengine hesabu ilikuwa sahihi. Aliyeifunga njia ya kuihakiki ndiye aliyetunyima haki ya kusema hivyo kwa yakini.

Isanganiro na Rema zilirudi hewani mwaka 2016 kwa masharti, na Bonesha mwaka 2021. RPA haikuruhusiwa pamoja nazo. Katika uchaguzi wa wabunge wa tarehe 5 Juni 2025 CNDD-FDD ilitangazwa kuvitwaa viti vyote 100 vilivyopigiwa kura. Wa rais unatazamiwa mwaka 2027, na watu wa pwani hii, toka Rumonge hata Kabonga, wana haki ya kudai mambo mawili tangu sasa: RPA irudishiwe ruhusa ya kutangaza, na mitandao iachwe wazi siku ya kura, tangu vituo vinapofunguliwa hadi karatasi ya mwisho ya matokeo itakapobandikwa mlangoni.