Umaarufu wa kutosha (wasifu katika Wikipedia)

Umaarufu wa kutosha ni kigezo ambacho wahariri wa Wikipedia hukitumia kuamua kama mtu anastahili kuwa na makala yake katika kamusi elezo hiyo. Katika makala za wasifu ndicho kinachosababisha mabishano mengi kuliko vigezo vingine.

Jina lake linapotosha kidogo. Kigezo hakiulizi kama mtu anajulikana na wengi, wala kama amefanya mambo makubwa. Kinauliza kama watu wengine, wasio na uhusiano naye, wamekwisha kuandika habari zake. Kwa hiyo mkunga anayefahamika wilaya nzima anaweza kukosa makala, na mchezaji wa mpira aliyeandikwa sana magazetini kwa misimu miwili akawa nayo.

Kila toleo la lugha lina kanuni zake. Zinazoelezwa hapa chini ni za Wikipedia ya Kiingereza, ambako mabishano yaliyovuma zaidi yametokea.

Vyanzo vinavyokubalika

Chanzo kinatakiwa kiwe cha kuaminika, yaani kimepita mikononi mwa mhariri au wahakiki: kitabu, gazeti, jarida la kitaaluma. Kinatakiwa pia kiwe huru. Tovuti ya mwajiri wa mtu, tangazo lake au maneno aliyojiandikia mwenyewe yanaweza kuthibitisha tarehe ya kuzaliwa, lakini hayathibitishi umaarufu. Tena kizungumze habari zake kwa kirefu. Jina kutajwa katika orodha ya waliohudhuria mkutano hakutoshi.

Wanataaluma wana kanuni yao, kwa sababu magazeti huwaandika mara chache. Aliyeongoza chama kikubwa cha kitaaluma, kwa mfano, huhesabiwa kuwa anatosha hata kama hakuna gazeti lililomhoji.

Makala ikitiliwa shaka, wahariri huijadili kwa siku saba hivi. Si kura: mkabidhi anayefunga majadiliano hupima hoja, hahesabu watu. Hata hivyo, hoja hutolewa na waliopo, na waliopo mara nyingi hawaijui nchi wala fani ya mtu anayejadiliwa.

Kisa cha Seigenthaler

Ukali wa kanuni hizi una sababu. John Seigenthaler (1927–2014) alikuwa mwandishi wa habari wa Marekani ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi chini ya Robert Kennedy, mwanasheria mkuu wa nchi hiyo. Mwezi Mei 2005 mtu asiyejitambulisha alianzisha makala juu yake, akaandika kwamba aliwahi kudhaniwa kuhusika moja kwa moja katika mauaji ya John F. Kennedy na ya Robert mwenyewe. Ulikuwa uongo mtupu. Ulikaa hewani zaidi ya miezi minne, na hapakuwa na chanzo chochote ambacho msomaji angeweza kukifuata.

Mwezi Novemba Seigenthaler alieleza yaliyompata katika gazeti la *USA Today*. Mwezi uliofuata Wikipedia ya Kiingereza ilizuia watu wasiojiandikisha kuanzisha makala mpya. Baadaye ziliwekwa kanuni maalumu za wasifu wa watu walio hai, na tangu Machi 2010 wasifu mpya wa mtu aliye hai usio na chanzo hata kimoja unaweza kufutwa baada ya siku chache.

Kisa cha Strickland

Tarehe 2 Oktoba 2018 ilitangazwa kwamba Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada katika Chuo Kikuu cha Waterloo, amepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Arthur Ashkin na Gérard Mourou. Alikuwa mwanamke wa tatu kuipata, baada ya Marie Curie (1903) na Maria Goeppert Mayer (1963). Waliokwenda kumtafuta Wikipedia asubuhi hiyo hawakumkuta. Mourou, ambaye miaka ya 1980 walibuni naye mbinu ya kukuza mipigo mifupi sana ya leza, alikuwa na makala tangu miaka mingi.

Ikagunduliwa kwamba rasimu juu ya Strickland ilikuwa imeletwa mwaka uleule na kukataliwa mwezi Mei. Mhakiki aliona kwamba vyanzo vilivyotajwa havikuonyesha kuwa anatosha. Makala nyingine ya mwaka 2014 ilikuwa imefutwa kwa sababu tofauti kabisa, yaani kunakili matini yenye hakimiliki.

Wengi walilaumu kanuni, lakini kanuni haikuwa na kosa pekee yake. Strickland alikuwa rais wa The Optical Society mwaka 2013, na hilo lilitosha kwa kigezo cha wanataaluma. Mhakiki wa kujitolea mwenye rundo la rasimu mbele yake alitazama vyanzo, hakutazama cheo. Katherine Maher, aliyekuwa mkurugenzi wa Wikimedia Foundation, alijibu kwamba Wikipedia ni kioo cha upendeleo uliomo duniani: wanawake wanaandikwa kidogo, basi vyanzo juu yao ni vichache. Wakati huo wanawake walikuwa chini ya moja ya tano ya wasifu wote katika Wikipedia ya Kiingereza. Makala ya Strickland ilipatikana saa chache baada ya tangazo.

Kisa cha Phelps

Clarice Phelps, mkemia wa nyuklia Mmarekani mweusi katika maabara ya Oak Ridge, alikuwa katika kundi lililosafisha barkeli iliyotumika kugundua elementi ya 117, tenesini. Makala yake iliandikwa mwaka 2018 na mwanafizikia Mwingereza Jess Wade, ikafutwa Februari 2019. Waliotaka ifutwe walisema vyanzo vingi vilitoka kwa mwajiri wake. Ilirudishwa mwaka 2020, vyanzo vipya vilipopatikana.

Hapa ugumu ni mkubwa kuliko kwa Strickland. Phelps hakuongoza chama chochote, na kazi ya maabara ya aina yake haiandikwi magazetini. Kanuni ilifuatwa, na bado wahariri wengi waliona matokeo si ya haki.

Afrika na masimulizi

Mwaka 2010 makala kuhusu Makmende, shujaa wa kubuniwa kutoka video ya kundi la Just a Band la Kenya, ilifutwa zaidi ya mara moja kabla ya kukubaliwa. Makmende si mtu halisi, lakini hoja zilikuwa zilezile: jambo lililozungumzwa na Wakenya wengi lilionekana halina ushahidi kwa wahariri wa mbali.

Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza mradi nchini India na Afrika Kusini wa kurekodi mahojiano ili masimulizi ya mdomo yatumike kama vyanzo. Wikipedia ya Kiingereza haikulifanya jambo hilo kuwa kanuni ya kawaida.

Kwa wasifu wa watu wa Afrika Mashariki, mara nyingi chanzo kipo ila hakionekani mtandaoni: nakala ya zamani ya *Uhuru* au *Taifa Leo*, au kitabu kilichokwisha madukani. Kanuni haidai chanzo kiwe mtandaoni, wala kiwe cha Kiingereza. Gazeti la Kiswahili lililomo maktabani linakubalika, mradi mhariri ataje jina la gazeti, tarehe na ukurasa ili mwingine aweze kulitafuta.