Historia ya rangi ya kucha, kutoka kwenye boksi la viatu

Mitihani imekaribia, watu wanadesa usiku kucha, na mimi hobi yangu imenitia matatani hosteli. Eti mtoto wa mkulima wa kahawa anamalizia bumu kwenye vichupa vya rangi! Ninavyo 27 kwenye boksi la viatu, nyekundu peke yake ziko 9 na hakuna mbili zinazofanana. Si mnajua nasoma historia? Basi leo nawajibu kihistoria.

Tuanze na jina. Ingia duka lolote hapa Moshi uombe Cutex, utapewa rangi ya kampuni yoyote ile. Cutex yenyewe ilianza Marekani mwaka 1911, na wala haikuanza na rangi: Northam Warren alikuwa anauza dawa ya kulainisha ngozi ya pembeni mwa kucha. Rangi zilifuata baadaye. Mwaka 1932 ikaja Revlon, ya ndugu wawili Charles na Joseph Revson na mkemia Charles Lachman, na rangi nzito inayofunika ukucha wote.

Ndani ya kichupa kuna nini? Pamba, jamani! Pamba au nyuzi za mti zikipikwa na asidi zinatoa nitroselulosi, ndugu wa rangi za magari za miaka ya 1920 na wa baruti isiyo na moshi (moshi wa kawaida, sio huu mji wetu, teh teh). Inayeyushwa kwenye kimiminika kinachokauka haraka. Ndio maana ukiacha kifuniko wazi inaganda, na ndio maana boksi langu liko mbali na jiko.

Pwani walikuwa na urembo wao zamani sana: hina na piko. Mpaka leo Waislamu wengi wanapendelea hina, kwa sababu rangi ya chupa inazuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha.

Sasa twende kwetu mlimani. Historia ya Kilimanjaro tunayofundishwa ni ya kahawa: chama cha wakulima cha KNPA mwaka 1925, halafu KNCU mwaka 1933. Hesabu zake ziliandikwa vizuri. Lakini kwa desturi ya Wachagga kahawa ilikuwa mali ya baba. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama, naye akiuza sokoni hapewi risiti. Hela ya mama ilinunua nini? Chumvi, sare za shule, na mara mojamoja kitu cha kujifurahisha. Hiki cha mwisho hakuna aliyekiandika.

Na urembo wenyewe haukuwa jambo dogo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na nguo za kubana, utekelezaji uanze Januari 1969. Ikaitwa Operesheni Vijana. Hata kabla ya tarehe hiyo vijana walishaanza kuwashambulia akina dada barabarani kule Kariakoo. Na msidhani ni mambo ya zamani: Septemba 2018 Spika Job Ndugai alizuia wabunge wenye kucha na kope za bandia kuingia bungeni, akitaja sababu za kiafya.

Halafu kuna mpaka. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Hiyo ni miaka ya foleni za sabuni. Bibi yangu alikuwa anauza ndizi Mwika, na anasema kichupa chake cha kwanza kilitokea Taveta kwa njia za panya, kimefichwa ndani ya mkungu. Alikuwa anapaka vidole vya miguu tu, kwa sababu vya mikono vilishaliwa na utomvu wa migomba. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, akakifukia shambani! Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, maduka yakaanza kupata uhai tena.

Hicho kichupa hakijapatikana mpaka leo, na mimi ndicho ninachokitamani kuliko vyote 27. Mwanahistoria wa kahawa ana vitabu vya hesabu vya ushirika. Anayetaka kujua bibi zetu walipenda nini ana kumbukumbu za wazee tu, na wazee wanaondoka. Kwa hiyo kila kichupa changu nimekibandikia karatasi: nimenunua wapi, bei gani, mwaka gani. Kama kuna mtu atacheka leo, mjukuu wake atanishukuru.

Ombi kwenu: mkienda likizo, angalieni kwenye masanduku ya mama na shangazi zenu. Mkikuta kichupa cha miaka ya 80, hata kama kimekauka kama jiwe, msitupe. Muulizeni mwenyewe alikipata wapi na alikipaka siku gani, mwandike. Kisha mniletee, soda juu yangu.

Nawakilisha!