Maji, Moto na Jirani wa Mbali: Kwa Nini Kigali Ilikaa Gizani Mwaka 2004



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, vijana wetu wengi hapa Kigali wamezaliwa baada ya ule mgao mkubwa wa umeme. Wakisikia wazee wakitaja mwaka 2004, wanadhani ni habari ya mitambo mibovu tu. Kumbe kisa kile kilianzia kwenye majani na matope, mbali kabisa na mji, na ndani yake mna haki za watu ambazo familia ya Kiislamu inapaswa kuzijua. Tumeona tukieleze kwa ufupi, ili baba na mama wawasimulie watoto wao.

MJI ULIOKUA KULIKO MITAMBO YAKE

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Waislamu walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo, na msikiti wao wa kwanza ulijengwa mwaka 1913. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1962, mji ulikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta zaidi ya watu laki sita, na ile ya mwaka 2022 zaidi ya milioni moja na laki saba.

Umeme haukukua kwa mwendo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ilitegemea vituo vichache vya maji. Kituo cha Ntaruka kilifunguliwa mwaka 1959, chenye uwezo wa megawati 11 na robo. Mukungwa kilifuata mwaka 1982, megawati 12. Sehemu nyingine ilitoka mto Rusizi, mpakani na Kongo. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu wengi walirejea na mji ukapanuka haraka, lakini hakuna kituo kikubwa kipya kilichojengwa. Nchi nzima ilikuwa inakunywa katika kikombe kilekile cha zamani.

SAFARI YA TONE MOJA LA MAJI

Ili kuelewa kilichotokea, tufuate maji yenyewe. Kaskazini, katika wilaya za Burera na Gicumbi, kuna kinamasi kinachoitwa Rugezi. Kiko juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na eneo lake ni zaidi ya hekta 6,700. Mvua ikinyesha, kinamasi huyanyonya maji kama sifongo, kisha huyaachia kidogo kidogo kwenda ziwa Burera, hata wakati wa kiangazi.

Kutoka Burera maji huporomoka kama mita 100 hadi ziwa Ruhondo. Katika kuporomoka huko ndipo yanapozungusha mitambo ya Ntaruka. Yakitoka Ruhondo huzungusha mitambo ya Mukungwa, kisha mto Mukungwa huingia Nyabarongo. Na Nyabarongo ndio mto unaopita pembeni mwa Kigali, ambako kuna kiwanda cha kusafisha maji cha Nzove. Kwa hiyo maji yanayowasha taa ndiyo hayo hayo yanayokuja kuungana na mto unaotunywesha. Hayaishii hapo: huenda Akagera, ziwa Victoria, kisha Nile mpaka Misri.

MWAKA 2004

Kwa miaka mingi wakulima wa milimani walikuwa wanateremka kinamasini. Ardhi ya juu ilikuwa imegawanywa vipande vidogo mno, na udongo wake ulikuwa unachukuliwa na mvua. Rugezi kulikuwa na rutuba na unyevu. Wakachimba mifereji ya kuyatoa maji, wakapanda. Hawakufanya hivyo kwa uadui. Walitafuta chakula cha watoto.

Lakini sifongo likikaushwa halihifadhi tena kitu. Mvua zikapungua, na mitambo iliendelea kuyavuta maji ya ziwa kuliko yalivyoingia. Ziwa Burera likashuka, na Ntaruka ikabaki kuzalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Mwaka 2004 mgao ukaingia kila mtaa.

Hayakuwa ya Rwanda peke yake. Katika miaka hiyo hiyo ziwa Victoria lilishuka na Uganda ikawa na mgao, na mwaka 2006 Tanzania ilipata mgao mkali baada ya bwawa la Mtera kupungukiwa maji.

Sisi wa Nyamirambo na Biryogo tunaikumbuka hali ilivyokuwa. Mishumaa na taa za chemli zilirudi mezani. Mafundi cherehani wa umeme walikaa mikono mitupu mchana, wakaamka usiku wa manane umeme uliporudi. Na kwa kuwa Kigali ni mji wa vilima, maji hupandishwa kwa pampu, na pampu hazizunguki bila umeme. Taa ikizimika, bomba nalo hukauka. Watoto wakateremka mabondeni na jerikani za lita 20 kabla ya shule, wakapanda nazo kichwani. Mwenye nacho alinunua jenereta. Asiye nacho alinunua maji kwa jerikani, na ndiye aliyelipa ghali zaidi kwa kila lita.

Serikali ililazimika kukodi jenereta za dizeli, na gharama yake ilikadiriwa kufika dola za Kimarekani 65,000 kwa siku. Gharama hiyo iliingia katika bei, na bei ya umeme ikapanda zaidi ya maradufu.

DAWA NA UCHUNGU WAKE

Ndipo viongozi wakageukia chanzo. Mifereji iliachwa, kilimo ndani ya Rugezi kikapigwa marufuku, mianzi na majani vikapandwa kandokando ya maji, na matuta yakachimbwa milimani. Mwaka 2005 ilitungwa sheria kuu ya mazingira, na mwaka huo huo Rugezi iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu uliotiwa saini Iran mwaka 1971. Ilikuwa sehemu ya kwanza ya Rwanda kuingia katika orodha hiyo. Maji yakarudi ziwani, na Ntaruka ikapata nguvu tena. Mwaka 2010 kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya Green Globe.

Baadaye vilikuja vyanzo vingine, kama gesi ya methani ya ziwa Kivu, ambayo kituo chake cha megawati 26 kilizinduliwa mwaka 2016.

Habari hii husimuliwa kama ushindi, na kweli ni ushindi. Lakini tusisahau upande wa pili. Mkulima wa Burera aliyekatazwa kulima kinamasini, wengi wao hawakuwa na umeme nyumbani. Wakati ule kaya zenye umeme Rwanda nzima hazikufika hata 1 kati ya 10. Alipoteza shamba, malisho na majani ya kusukia mikeka na vikapu, ili taa ya mtu wa mjini iwake. Sisi tulipata mwanga, yeye akabeba mzigo.

DINI YETU INATUFUNDISHA NINI

Katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Tazama, ndugu msomaji: maji, malisho na moto ndivyo hasa vilivyogombaniwa Rugezi.

Kutenga ardhi kwa maslahi ya wote nako si jambo geni kwetu. Huitwa hima. Mtume (S.A.W.) alitenga Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya malisho ya farasi. Sayyidna Umar (R.A.) naye alikuwa na hima, akamweka mtu aitwaye Hunay kuisimamia. Imepokewa na Bukhari kwamba alimuusia aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa, na amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, kwani mifugo yao ikifa watakuja kwake na watoto wao kuomba msaada. Matajiri wana mashamba yao ya kurejea.

Huu ndio msingi. Kulinda chanzo cha maji ni jambo jema, na masikini aliye jirani na chanzo hicho ana haki ya kutazamwa kwanza. Hifadhi isiyomkumbuka yeye imepungukiwa.

TUANZE NYUMBANI

Tunawezaje kulipa deni hili? Kwanza kwa kuacha israfu. Anas (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ni kibaba, haifiki lita moja. Pishi ni vibaba vinne, kama lita tatu. Mpe mtoto birika, apime mwenyewe, kisha alinganishe na bomba lililoachwa wazi tangu kuosha mikono mpaka miguu. Ipo pia Hadithi ya Ibn Majah inayokataza israfu ya maji hata kwenye mto unaotiririka. Wanachuoni wamekhitilafiana juu ya daraja yake, lakini maana yake inaafikiana na makatazo ya israfu kwa jumla.

Pili, tukusanye maji ya mvua ya paa, majumbani na misikitini, tuzime taa isiyo na mtu, na tusitupe taka katika mifereji inayoishia Nyabarongo. Tatu, tunapotoa sadaka, tuzikumbuke familia za huko juu milimani ambako maji yetu yanatoka.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuteremshie mvua zenye kheri, atujaalie kuwa wenye kushukuru neema zake, na atuepushe na dhulma kwa majirani zetu, wa karibu na wa mbali. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.